Nafasi ya Kidole Kimoja

“Hizo mbao hazipiti! Zirudisheni chini!”

“Zitapita, Papa Etienne. Ziko zinapita tayari, angalia mwenyewe,” alisema Antoinette.

Na kweli zilikuwa zinapita. Fundi Désiré alikuwa na pakiti mbili begani. Nyuma yake Noé, mume wa Antoinette, alikuwa na pakiti moja na jasho la pakiti tano. Lifti ya jengo lile la Evere ni ya watu watatu wembamba, na mbao za mita mbili na ushee hazikuenea humo, basi zikapandishwa kwa ngazi. Na ngazini, kati ya ghorofa ya pili na ya tatu, mzee Etienne alikuwa amesimama na soksi zake za sufu, mkono mmoja umeshika ukingo, mwingine umeinuliwa kama wa polisi wa njia panda. Kila ghorofa mlango ulikuwa umefunguka kidogo, kiasi cha kupitisha sikio.

“Miaka mine nakaa chini yenu,” alisema Etienne. “Kiti ikivutwa, najua. Sufuria ikianguka, najua. Na hapo mulikuwa na moquette, zulia nzito! Sasa unaleta mbao. Unataka kuweka ngoma juu ya kichwa changu?”

“Ngoma gani, Papa? Tunatafuta moto ya miguu. Mabomba ya maji moto iko ndani ya sakafu, tunalipa kila mwezi, na ile moquette inakalia moto yote kama kuku anakalia mayai. Belle-mère yangu, mama ya Noé, magoti inamuuma.”

“Simama vizuri nikiongea na wewe!”

Hapo Antoinette akatii. Si kwa woga. Mzee huyu, Mbelgiji, alikuwa amefundisha fizikia miaka kumi na moja katika shule ya mapadri kule Bukavu, na Kiswahili chake chote alikiokota uwanjani, akiwafokea wavulana waliochelewa. Kwa Kifaransa alikuwa muungwana, “chère madame” huku na “je vous en prie” kule. Akikasirika anahamia Kiswahili, na kwa Kiswahili alikuwa na vitu viwili tu: salamu na kufoka. Basi mwanamke wa miaka arobaini na tisa, mkuu wa zamu katika nyumba ya wazee, anayewaogesha Wabelgiji wenye umri wa huyuhuyu Etienne, akajikuta amesimama wima ngazini na mikono nyuma, kama mtoto aliyesahau daftari.

Désiré aliweka pakiti chini. “Papa, pole. Chini ya mbao naweka mukeka ya kaoutchouc, ya mupira. Inakula kelele.”

“Mukeka ikikula kelele, itakula na joto. Chagua moja,” alisema mwalimu wa fizikia.

“Kuko yenye iko nyembamba na nzito. Inaacha moto inapita. Karatasi yake hii.”

Etienne alivaa miwani, akasoma karatasi mbele na nyuma, akairudisha. “Karatasi ni karatasi. Nikisikia kisigino kimoja, kimoja tu, naandika kwa syndic. Na mara hii assemblée itasema mutoe yote. Yote!”

Syndic ni msimamizi wa jengo, na assemblée ni wenye nyumba wote wakikaa pamoja mara moja kwa mwaka kulaumiana. Antoinette alikwisha kutajwa humo mara mbili kwa ajili ya “wageni wengi.” Nyumba yake ndiyo nyumba ya Jumapili. Watu wa Kivu wa Evere, wa Laeken, mpaka wa kule Flagey wanaojifanya hawajui basi la kuja huku, misa ikiisha wanaishia kwake. Kwa hiyo alijua vizuri: siku sakafu itakapong’olewa kwa amri, hazitaondoka mbao peke yake. Utaondoka na mlango wake ulio wazi, maana nani atathubutu kupokea watu ishirini huku barua ya syndic imebandikwa kwenye friji?

Akapita pembeni ya Etienne, akachukua pakiti mwenyewe, akapanda.

*

Mbao zilikaa sebuleni siku kumi bila kufanya lolote. Moquette ilikwisha kung’olewa, watu wanakanyaga saruji tupu, na pakiti zimepangwa katikati ya chumba. Wageni wakija wanakalia hapo hapo, maana makochi yalisukumwa chumbani mwa Gracieuse, binti wa nyumba, ambaye sasa alikuwa anaingia kitandani kwa kuruka.

“Hizi mbao zinangoja nini?” aliuliza Maman Mauwa, mama yake Noé, akizigonga kwa fimbo.

“Zinazoea nyumba, Mama. Désiré anasema lazima zijue moto ya hapa na hewa ya hapa, kama hapana zitajikunja.”

“Siku kumi?” Bibi akazitazama kwa wivu. “Mimi niliingia kwa nyumba ya bwana yangu jioni, asubuhi balikwisha kunipa vyombo ya kuosha. Hakuna mwenye aliniacha nizoee hewa.”

Kama ni kwa mapenzi ya Antoinette, zingekuwa mbao nyingine. Yeye alitaka wenge, mbao nyeusi ya Kongo, nene, mgeni akiingia ajue ameingia kwa watu. Dukani alikwisha kuipapasa kama kitenge. Désiré ndiye aliyemtoa pale.

“Maman, mbao nene juu ya moto ni sawa kufunika nyungu na bifuniko biwili. Moto inabakia chini, weye unabakia na baridi. Na mbao ya kipande kimoja ikisikia moto inapinda. Kamata hii chêne, mwaloni. Milimita kumi na nne, matabaka matatu, kila moja imelazwa kuvuka mwenzake. Moja ikivuta huku, ingine inavuta kule. Ni kama bwana, bibi na belle-mère: kila mutu anavuta kwake, nyumba inabaki sawa.”

Noé alicheka. Alicheka peke yake.

*

Jumamosi ya kazi waliifanya kuwa salongo. Kule nyumbani salongo ni siku ya kufyeka njia na kuzibua mitaro, kila mtu na jembe lake. Hapa Brussels imebaki siku ya kuhamisha mtu au kupaka rangi, na aliyesaidiwa ndiye anayepika. Joto lilizimwa siku mbili kabla. Désiré alipima unyevu wa saruji kwa kimashine chake, akatandika mkeka mweusi, akaanza mstari wa kwanza dirishani. Mbao hazikugundishwa chini. Zilishikana zenyewe kwa zenyewe na kulala juu ya mkeka. Gracieuse alichagua mbao, ya rangi nyepesi isikae na nyepesi mwenzake. Noé alikata. Tonton Nday, mzee aliyekuwa seremala Uvira na sasa anapanga maboksi ghalani, alikosoa.

“Unaacha tundu kwa ukuta, Désiré.”

“Si tundu, tonton, ni nafasi. Kidole kimoja, kote. Kwa mulango, kwa mabomba, kote. Moto ikiingia, mbao inanenepa. Ikikosa pa kwenda, itaenda juu.”

“Uvira tulifunga mpaka sisimizi anakosa njia.”

“Uvira moto inatoka kwa jua, tonton. Hapa inatoka chini.”

Watu wakacheka, Nday naye akacheka, lakini kicheko cha upande mmoja. Jioni sakafu ilikuwa imelala, ya rangi ya asali, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuikanyaga. Désiré alikuwa anaondoka kesho yake kwa kazi ya wiki mbili Ghent. Akamwambia Antoinette: “Moto upandishe degré moja kwa siku, usipite hapo. Na plinthes, zile mbao za kuficha nafasi pembeni, ntaziweka nikirudi.”

*

Wiki mbili ni nyingi kwa nyumba yenye wageni. Jumapili baada ya misa walikuja kuiona sakafu, na kila aliyeingia alisema “eh, chêne!” kisha macho yakakimbilia ukutani. Ule mfereji mweusi wa kidole kimoja ulizunguka chumba kizima kama upindo uliofumuka.

“Mbao zilipunguka?” aliuliza Yolande, mwimbaji wa kwaya, kwa ile sauti ya huruma inayopiga kuliko tusi.

“Hapana, ni vile inafanyikaka.”

“Ah bon. Mie nilizani fundi alipima na njaa.”

Wakacheka. Antoinette akacheka nao, na shingo ikamwaka. Mwanamke mwingine akasema ni kama suruali ya kijana aliyerefuka ghafla. Mwingine akadondosha pete, ikaingia mferejini, ikabidi watu watatu wapige magoti na kisu cha mkate kuitoa. Mara ya nne alipoulizwa kama mbao zilipunguka, Antoinette aligeuka, akakutana na macho ya Tonton Nday.

“Ntafunga,” alisema Nday. “Mabaki iko hapa. Nakata fito-fito, naingiza na gundi. Hakuna mutu atajua.”

“Désiré alikataza.”

“Désiré ni mutoto. Mimi nilianza kupiga randa yeye bado anatambaa.”

Hakusema ndiyo. Alisema, “Nikuletee chai?” na Nday akaelewa.

Kwa siku tatu, kila akitoka ghalani, Nday alikata vijiti, akavipaka gundi na kuvigonga taratibu mpaka ukuta na sakafu vikabusiana. Kazi ilikuwa nzuri ya kutia uchungu. Juu yake akapigilia plinthes alizoziacha Désiré. Jumapili iliyofuata Yolande alizunguka chumba kizima, akakosa pa kuweka neno.

*

Joto lilipanda degré moja kwa siku, kama lilivyoamriwa. Maman Mauwa alivua soksi mbili, akabaki na moja kila mguu, akasema Mungu ni mwema. Siku ya sita sakafu ikaanza kuongea: tak, kimya, tak. Siku ya nane, katikati ya sebule, ikainuka. Mwanzo ilikuwa kama pumzi tu. Baadaye ikawa tumbo la mimba ya miezi mitano. Ukilikanyaga linashuka na kupiga chini, pwa! Mlango wa jikoni ukagoma kufunguka mpaka mwisho. Gracieuse akaweka stuli juu ya tumbo lile, stuli ikatembea yenyewe.

Siku ya tisa barua ikafika. Syndic aliandika kwamba mkaaji wa ghorofa ya pili amelalamika, kwamba mjumbe wake atakuja Ijumaa ya wiki ijayo kukagua, na kwamba ikithibitika kelele zimezidi, sakafu iondolewe kwa gharama ya mwenye nyumba.

Antoinette aliisoma mara mbili, akashika simu. Hakumpigia Désiré kwanza. Alimpigia Yolande.

“Ma chère, ile kazi ya Désiré... we acha tu. Imeninenepea katikati ya salon.”

Kutoka kwa Yolande, mpaka jioni, habari ilikwisha kupita Laeken na kurudi, nayo njiani ikaongezeka nyama: kwamba Désiré aliweka mbao mbichi, kwamba yule bibi alianguka, kwamba kuna mtu aliyekuwa amemwahidi kazi ya vyumba vinne na sasa anatafuta fundi Mpolandi. Désiré aliisikia Ghent, kwa mtu wa tatu. Jumamosi alirudi, hakupita hata kwake, akapanda ngazi na begi la vyombo.

Aliwakuta wote, maana Jumamosi nyumba ile haikosi watu: Noé, bibi kwenye kiti chake, Gracieuse, Nday na gazeti. Alisalimia kila mtu kwa mkono. Akapiga magoti katikati, akabonyeza lile tumbo kama daktari, akalisikiliza. Kisha akaenda ukutani, akaingiza patasi nyuma ya plinthe, akaichomoa.

Fito za Nday zilikuwa pale, safi, zimepangwa kama meno.

Désiré alichomoa plinthe ya pili. Zilikuwepo. Ya tatu pia. Akakaa chini, mgongo ukutani.

“Batu banasema niliweka mbao mbichi,” alisema taratibu. “Mutu wangu wa vyumba vinne amenikatalia kazi. Mimi sina diplôme ya hapa, Maman. Niko na jina tu.”

Gazeti la Nday halikugeuzwa ukurasa. Noé alitazama dirisha. Antoinette alijua angeweza kunyamaza, na Nday angebeba, maana mzee yule alikwisha kuinamisha kichwa ili abebe. Ndipo akasema, kwa haraka, kabla ulimi haujapata ushauri mwingine:

“Ni mimi. Tonton alishika nyundo, lakini ni mimi niliruhusu. Banawake balinicheka, nikaona haya. Na ni mimi nilipiga simu kusema kazi yako mbaya, na nilikuwa najua.”

“Ulikuwa unajua?”

“Sikuwa najua ya mbao. Nilikuwa najua ya kwamba ulikataza.”

Maman Mauwa akapiga fimbo sakafuni, tumbo likajibu, pwa. “Alors? Tutakaa hivi kama picha? Itatengenezeka ao haitatengenezeka?”

“Itatengenezeka,” alisema Désiré. “Tunakata fito zote. Mbao ikipata njia, itashuka yenyewe, siku tatu hivi. Na kelele itapunguka, sababu vile inagusa ukuta, ukuta inabeba kila kitu mpaka chini. Lakini lazima mutu akae kule kwa Papa Etienne, aniambie vile inasikika.”

Hakuna aliyeinua mkono. Antoinette alivua aproni. “Kabla nishuke, leteni simu yangu.” Na papo hapo, mbele ya Désiré, akapiga simu saba, moja baada ya nyingine, akaanza na Yolande, na katika kila moja alisema sentensi ileile: “Ile neno ya Désiré, nilisema uongo.” Ya nne ilikuwa ngumu kuliko ya kwanza, maana huyo wa nne alikuwa amekwisha kuambiwa na wa kwanza, na alitaka aisikie polepole.

*

“Chère madame,” alisema Etienne mlangoni.

“Nimekuya kusikia, Papa. Kama unaruhusu.”

Mzee alitaka kuuliza kusikia nini, lakini juu yao kisigino kikapita, akaelewa. Akampisha. Miaka minne, na Antoinette hakuwahi kuingia humu. Vitabu, kiti kimoja kilichochakaa na kingine kipya kabisa. Akakaa kwenye kile kipya.

Akaisikia nyumba yake. Pwa, Noé akivuka sebule. Mbio fupi, Gracieuse. Kisha gongo, mguu, mguu. Gongo, mguu, mguu, na sauti haikutoka darini tu, iliteremka ndani ya kuta na kutokea nyuma ya rafu za vitabu. Mara ngapi alikuwa amemwambia mzee huyu, “tunatembea tu, Papa”? Hivi ndivyo kutembea kwao kulivyokuwa kunaingia humu.

“Huyu ni mama mukwe,” alisema Etienne, macho darini. Sauti haikuwa ya kufoka. “Saa kumi anaenda jikoni. Akirudi anatembea polepole, nazani anabeba kitu ya moto.”

“Chai.”

“Chai. Jumapili nawahesabu mukiingia. Nikifika ishirini napoteza.”

Msumeno ukaanza. Antoinette akampigia Désiré, simu ikabaki wazi mapajani. “Upande wa dirisha umekwisha,” alisema Désiré. “Tonton Nday ndiye anakata.” Juu, Gracieuse akatembezwa. Pwa ilikuwepo bado, lakini nyuma ya rafu kulikuwa kimya. Upande wa jiko. Upande wa mlango. Kila mara mguu ule ulikuwa unarudi nyuma hatua moja, kama mtu anayeondoka bila kuaga. Mwisho wakakata palipozunguka mabomba.

Wakangoja. Friji ya mzee ikanguruma, ikanyamaza.

“Ametoka?” aliuliza Etienne.

Antoinette aliinua simu. “Gracieuse, uko unafanya nini?”

“Natembea, maman! Nimeshazunguka ile tumbo mara tatu!”

Etienne alichukua kalamu rafuni. “Nitaandika kwa syndic,” alisema. “Nitasema nilisikiliza na hakuna kitu.” Kisha, “Naweza kuangalia hiyo nafasi? Ni fizikia tu.”

Walipanda pamoja, yeye nyuma, akipumzika kila kituo. Mlango wa ghorofa ya tatu ulikuwa wazi. Nday alikuwa bado amepiga magoti, vumbi la mbao kichwani, Désiré pembeni yake amemshikia tochi. Tumbo lilikuwepo, ila limekwisha kupungua kidogo. Etienne aliinama kizingitini, akachungulia ule mfereji ukutani, akatikisa kichwa kwa kukubali kama anayesahihisha mtihani. Meza ilikuwa imeandaliwa: bugali, sombe ya majani ya muhogo, na bakuli la sambaza, dagaa wa Kivu, za kukaanga zilizokuja na mtu kwa ndege. Noé alikuwa anahesabu sahani kwa macho.

“Bon,” alisema mzee. “Nawaacha mukule.” Akageuka kushika ukingo wa ngazi.

“Antoinette,” aliita Maman Mauwa kutoka kitini, “huyo mutu anaenda wapi na bugali iko mezani?”

Antoinette alisogeza kiti, safari hii kwa kukiinua bila kukiburuta.

“Papa Etienne, ingia. Keti hapa karibu na Mama. Maji ya kunawa inakuja.”